Sanamu, mikisi na picha takatifu: nani anaabudu, na nani anaheshimu tu?

Katika kipindi chetu cha jioni, msimu wa mvua uliopita, mama mmoja alitupigia simu kutoka upande wa Mwenga. Babu yao alikuwa amekufa. Walipokuwa wanasafisha nyumba, wakakuta kitunga cha zamani juu ya dari. Ndani mulikuwa sanamu ndogo tatu za mti, moja ya pembe ya tembo, kofia yenye kauri na vitu vingine ambavyo hakujua majina yake. Alituambia hivi: «Pasta wetu anasema tuvichome, ati ni mashetani ndiyo yanafunga mabinti wetu wasiolewe. Baba mudogo ni Mukatolika, yeye anasema tupeleke kwa padri. Tena kuko bwana moja wa mu mji anataka kuvinunua na dola. Miye najiuliza: ile Bikira Maria yenye iko mu nyumba ya baba mudogo, yenyewe si sanamu?»

Siku hiyo tulikuwa na wageni wawili studio, pasta mmoja na katekista mmoja, walikuja kuzungumza juu ya usafi wa maji. Wote wawili walijibu kwa mara moja, kila mmoja juu ya sauti ya mwenzake, mpaka saa ya habari ikafika na fundi akawakata. Tangu siku ile swali hilo halikuisha kwenye simu zetu. Ndiyo maana tumeandika ukurasa huu, kwa ajili ya mama yule na kwa wengine wenye kitunga chao juu ya dari.

Tuanze na maneno

Sehemu ya ugomvi iko ndani ya neno lenyewe. Kwa Kiarabu, sanam ni mungu wa uongo, kitu cha kuabudiwa mahali pa Mungu. Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili likapanuka: sanamu ikawa kitu chochote kilichochongwa au kufinyangwa kwa mfano wa mtu ao mnyama, na kwa wazee wetu hata picha ya ukutani iliitwa sanamu. Kwa hiyo Mswahili akisoma katika Biblia kwamba sanamu zimekatazwa, mbele ya macho yake zinapita zote pamoja: ndama wa dhahabu, Bikira Maria wa gruto, na picha ya marehemu baba yake pale sebuleni. Wagiriki walikuwa na maneno mawili. Eidolon ilikuwa ile ya uongo, na eikon ilikuwa mfano, picha tu. Sisi tuko na moja, na hilo moja linabeba mzigo mkubwa.

Neno la pili ni fetishi. Kwetu likitamkwa tu, watu wanashika kichwa. Lakini si neno la Kiafrika. Wabaharia Wareno waliofika pwani za Afrika ya Magharibi waliita feitiço vile vitu watu walivyovaa shingoni ao kuweka mlangoni. Kwao Ureno neno hilo lilikuwa la uchawi na hirizi, na shina lake ni kitu kilichotengenezwa kwa mikono. Mwaka 1760, Mfaransa mmoja, Charles de Brosses, akaandika kitabu kizima juu ya ibada ya miungu fetishi, na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Kutoka hapo neno likasambaa, likarudi kwetu na meli za wakoloni na misioni, na leo sisi wenyewe tunalitumia kutukana mababu zetu.

Nyoka wa shaba

Kila mtu anajua amri ya kitabu cha Kutoka, sura ya 20. Waortodoksi na Waprotestanti wengi wanaihesabu peke yake, kama amri ya pili. Wakatolika na Walutheri wanaiunganisha na amri ya kwanza. Hapo ndipo Wakatolika wanasingiziwa kwamba wamefuta amri moja. Hawakufuta, walihesabu kwa namna nyingine, na mwisho wanagawanya ile ya tamaa kuwa mbili ili zitimie kumi.

Lakini kitabu kilekile cha Kutoka, sura tano mbele, kinasema Mungu aliagiza makerubi wawili wa dhahabu wawekwe juu ya sanduku la agano. Na katika Hesabu, sura ya 21, Musa anatengeneza nyoka wa shaba kwa amri ya Mungu mwenyewe, ili waliogongwa na nyoka wamtazame na kupona. Hapa pasta wetu alinyamaza kidogo. Katekista akaanza kucheka. Ila hadithi haiishi hapo. Ukifungua Wafalme wa pili, sura ya 18, utakuta mfalme Hezekia anamvunja nyoka yuleyule vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumfukizia uvumba. Sasa katekista naye akanyamaza.

Mimi naona mistari hiyo miwili inafaa isomwe pamoja kila mara. Kitu ni kimoja, shaba ni ileile. Kilichogeuka ni namna watu walivyokitumia. Hata Wayahudi, ambao wengi wanafikiri hawakuwahi kuchora kitu, waliwahi kuwa na sinagogi lililojaa picha: lile la Dura-Europos, inchini Syria, la karne ya tatu, ambamo kuta zote zilipakwa rangi za Musa, Daudi na Esteri. Waakiolojia walilifukua katika miaka ya 1930.

Wakristo kwa Wakristo

Wengi kwetu wanafikiri ugomvi wa masanamu ni kati ya Wakristo na wapagani. Kumbe walioumizana zaidi ni Wakristo wenyewe.

Huko Konstantinopoli, mji unaoitwa leo Istanbul, makaisari wa karne ya nane waliamuru picha takatifu ziondolewe makanisani. Kaisari Leo wa tatu ndiye aliyeanzisha. Watawa walipigwa, wengine wakafukuzwa, picha zikachomwa ao kupakwa chokaa. Mtetezi mkubwa wa picha alikuwa Yohana wa Damasko, na aliweza kuandika bila woga kwa sababu aliishi chini ya utawala wa Waislamu, mahali mkono wa kaisari Mkristo haukufika. Mambo ya historia yako hivyo. Mwaka 787, maaskofu walikutana Nikea wakatoa jibu ambalo Wakatolika na Waortodoksi wanalitumia mpaka leo: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, lakini picha inaweza kupewa heshima, na heshima hiyo inapita kwenye picha na kumfikia yule aliyechorwa. Ugomvi ukarudi tena, ukaisha kabisa mwaka 843, wakati malkia Theodora aliporudisha picha. Waortodoksi wanafanya sikukuu ya tukio hilo kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima.

Upande wa Roma walikuwa na sababu nyingine, ya shule zaidi kuliko ya teolojia. Karibu mwaka 600, Papa Gregori wa kwanza alimuandikia askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha katika makanisa yake. Alimsifu kwa kukataza ziabudiwe, akamkaripia kwa kuzivunja: asiyejua kusoma vitabu, anasoma ukutani.

Kisha Waprotestanti. Zurich, mwaka 1524, Zwingli na serikali ya mji waliondoa sanamu zote makanisani kwa mpango, mafundi wakiwa wamefunga milango. Luther hakuwa mkali hivyo. Mwaka 1522 alirudi Wittenberg haraka kutuliza watu waliokuwa wanavunja. Lakini tukio linalotugusa sisi Wakongomani ni la mwezi wa nane 1566, katika inchi ambayo leo ni Ubelgiji na Uholanzi. Makundi ya Wakalvini yalipita kutoka mji hadi mji, na katika kanisa kubwa la Antwerpen sanamu, madirisha, meza za misa na ogani vilivunjwa usiku mmoja. Miaka mia tatu na zaidi baadaye, bandari ya Antwerpen hiyohiyo ilipokea pembe na mpira kutoka Kongo, na pamoja navyo makasha ya sanamu zetu, zilizochukuliwa kwa sababu ati tulikuwa tunaabudu miti. Wajukuu wa waliovunjiana sanamu walikuja kutufundisha kwamba tatizo ni letu.

Katika Uislamu

Kwa Mwislamu, shirki, maana yake kumshirikisha Mungu na kitu kingine, ndiyo dhambi kubwa kupita zote. Kurani inasimulia Ibrahimu alivyovunja masanamu ya watu wake akaliacha lile kubwa, halafu akawaambia wamuulize hilo nani amefanya. Mwaka 630, Mtume Muhammad alipoingia Makka, aliondoa masanamu yaliyozunguka Kaaba. Mapokeo yanasema yalikuwa 360. Ndani ya msikiti huoni picha ya mtu wala mnyama, unaona maandiko na maua.

Je, lile Jiwe Jeusi la Kaaba ambalo mahujaji wanalibusu? Swali hilo waliliuliza Waislamu wenyewe tangu mwanzo. Khalifa Umar, kufatana na mapokeo, alilibusu huku akisema kwamba anajua ni jiwe tu, halimletei faida wala hasara, na kwamba analibusu kwa sababu alimuona Mtume akifanya hivyo. Kwa maneno machache sana jibu lake linafanana na la Nikea, ingawa hakuna upande utakaopenda kusikia hivyo.

Tena Waislamu si kundi moja. Katika Uajemi, Uturuki wa Kiosmani na India ya Wamogul, wachoraji Waislamu walitengeneza picha ndogo nzuri sana ndani ya vitabu vya wafalme. Kule Kasongo na Kabambare kwetu, ambako Uislamu ulifika na wafanyabiashara wa pwani karne ya 19, si ajabu kukuta picha ya Kaaba imetundikwa sebuleni, na hakuna anayeisujudia.

Kuna pia waliovunja. Mwezi wa tatu 2001, Wataliban walilipua Mabuda wawili wakubwa wa Bamiyan, inchini Afghanistan, waliokuwa wamechongwa ndani ya mlima zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu mbele. Mkubwa alikuwa na urefu wa karibu mita 55. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Timbuktu, Mali. Hapo vilivyovunjwa havikuwa sanamu: yalikuwa makaburi ya watakatifu Waislamu, na wavunjaji walikuwa Waislamu waliosema watu wanayaomba makaburi mahali pa kumuomba Mungu. Mmoja wao, Ahmad al-Faqi al-Mahdi, alihukumiwa mwaka 2016 miaka tisa ya kifungo huko La Haye, katika Mahakama ileile iliyomhukumu Thomas Lubanga wa Ituri. Ilikuwa mara ya kwanza Mahakama hiyo kumhukumu mtu kwa kosa la kuvunja mahali patakatifu na si kwa kosa jingine. Wakaaji wa Timbuktu waliyajenga tena makaburi kwa udongo, kwa mikono ya mafundi wao wa ukoo.

India: mungu anayealikwa na kuagwa

Kama umeshaingia katika duka la Muhindi huko Lubumbashi ao Kinshasa, labda umeona nyuma ya meza ya pesa picha ya mwenye kichwa cha tembo, na maua, na taa ndogo. Huyo ni Ganesha. Watu wetu wanatoka pale wakinong'onezana kwamba utajiri wa Wahindi unatoka kwa hilo lishetani. Acha tueleze kidogo.

Mhindu anaita sanamu ya namna hiyo murti. Fundi akimaliza kuchonga, bado ni jiwe tu. Kunafanyika ibada ya kuiita pumzi ya mungu iingie ndani, na kutoka hapo inatunzwa kama mgeni mkubwa: inaamshwa asubuhi, inaogeshwa, inavikwa nguo, inapewa chakula. Wanaokuja hekaluni wanakuja kuona na kuonwa. Macho ya mungu na macho ya mtu yanakutana. Lakini muulize Mhindu aliyesoma kama Mungu anaishia ndani ya jiwe, atakuambia hapana, kama vile wewe hauishii ndani ya simu unapopiga.

Sikukuu ya Ganesha inaonyesha jambo hilo vizuri zaidi kuliko maelezo. Familia inanunua sanamu ya udongo, inaikaribisha nyumbani siku moja na nusu ao tatu, wengine mpaka kumi, na siku ya mwisho wanaibeba na ngoma mpaka mtoni ao baharini, wanaizamisha, inayeyuka. Wanamuaga mungu, wanarudi na mikono mitupu. Sijui ni sanamu gani kwetu tungekubali kuzamisha kila mwaka. (Huko Mumbai leo serikali inalalamika, kwa sababu sanamu za plasta haziyeyuki, zinachafua maji.)

Na si Wahindu wote wanakubali. Dayananda Saraswati alisimulia kwamba akiwa mtoto, usiku wa mfungo, aliona panya wakipanda juu ya alama ya Shiva na kula sadaka, naye mungu hakuwafukuza. Akapoteza imani katika sanamu. Mwaka 1875 alianzisha Arya Samaj, chama cha Wahindu wasiotumia sanamu hata moja. Masikh nao, wa jimbo la Punjab, wanakataa sanamu kabisa, lakini kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kinawekwa juu ya kiti chini ya mwavuli wa heshima, kinapepewa, na usiku kinapelekwa kulala katika chumba chake.

Mabuda ni hadithi nyingine ndefu, tutaifupisha. Karne nyingi baada ya kifo chake, wachongaji hawakumchonga Buda kama mtu. Waliweka nyayo, kiti kitupu, mti, gurudumu. Sanamu zake zenye sura ya mtu zilianza kuonekana karibu karne ya kwanza ya wakati wetu, Gandhara na Mathura. Inchini Sri Lanka, fundi anayechora macho ya Buda, kazi ya mwisho kabisa, anageuza mgongo na kuchora akitazama kwenye kioo, kwa sababu mtazamo wa kwanza wa macho hayo una nguvu ya kumdhuru. Na Wabuda wa Zen wanapenda kusimulia juu ya mtawa Mchina, Danxia, aliyechoma Buda wa mti usiku wa baridi ili apate joto.

Sasa kwetu

Kwa Wabakongo, nkisi (wakiwa wengi, minkisi) ni chombo. Inaweza kuwa sanamu, lakini pia chungu, mfuko, ganda la konokono. Kinachokifanya kuwa nkisi ni dawa zilizofungwa ndani, na nganga anayejua kuziamsha. Ile sanamu maarufu yenye misumari mwili mzima, nkondi, ilikuwa kama ofisi ya mwamuzi: watu wawili wakipatana, wanapiga msumari, na anayevunja neno lake atafuatwa. Kila msumari ni mapatano ao mashtaka ya watu fulani. Waluba, Wasongye, Watabwa wana maneno ya shina moja na hilo, kwa vitu vinavyofanana na visivyofanana.

Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Mwanawe Afonso wa kwanza alichoma vitu vya ibada ya zamani, na kanisa likajengwa. Lakini wamisionari walipotafuta neno la Kikongo la kusema «takatifu», walichukua lilelile: katika katekismu ya mwaka 1624 Biblia ni kitabu cha nkisi, na kanisa liliitwa nyumba ya nkisi. Padri akaitwa nganga. Kwa masikio ya Wabakongo, nkisi moja iliondoka, nyingine ikaja na meli.

Mwaka 1704 akaja Kimpa Vita, msichana aliyesema Mtakatifu Antonio amemuingia. Aliwaambia watu wachome minkisi, na waondoe hata misalaba, kwa sababu msalaba ndio uliomuua Yesu. Alichomwa moto yeye mwenyewe mwezi wa saba 1706, mapadri Wakapusini wakiwa pale. Baada yake watu walivaa shingoni Antonio mdogo wa shaba ao wa pembe, waliyemwita Toni Malau. Yaani nabii aliyekataza vitu aliacha nyuma yake kitu. Simon Kimbangu naye, mwaka 1921 huko Nkamba, alihubiri watu watupe minkisi, nao walitupa marundo. Serikali ya Wabelgiji, ambayo ilijidai inapigana na ushenzi huohuo, ilimfunga miaka thelathini mpaka akafa gerezani Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951.

Kwa hiyo kuchoma hakukuletwa na makanisa ya uamsho wa siku hizi. Wakongomani wamechoma wenyewe, mara nyingi, wakati mambo yalipoharibika na walitafuta kuanza upya. Hilo linafaa lisemwe wazi, ili tusiseme kila kitu kilichopotea kilichukuliwa na Mzungu.

Lakini vingi alichukua. Mwaka 1878, karibu na Boma, Alexandre Delcommune aliteka nkondi ya mkubwa Ne Kuko katika vita vya wafanyabiashara. Mwenyewe alitaka kuikomboa, akanyimwa. Kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 4 Desemba 1884, watu wa luteni Émile Storms walimkata kichwa mtemi Lusinga wa Watabwa. Storms alipeleka Ubelgiji fuvu la mtemi na sanamu ya ukoo wake. Sanamu iko mpaka leo katika makumbusho ya Tervuren. Haikuwa mungu: ilikuwa ukoo wa Lusinga, uzao kwa uzao, umesimama katika mti. Na sanamu ya Storms mwenyewe, ya shaba, ilisimama katika bustani moja ya Bruxelles mpaka mwaka 2022, walipoiondoa. Sanamu ya mzungu iliitwa kumbukumbu.

Mwaka huohuo wa 2022, mwezi wa sita, mfalme Philippe alikabidhi Kinshasa barakoa kubwa ya Wasuku, Kakuungu. Kwa karatasi ni mkopo usio na mwisho. Mwezi wa saba Ubelgiji ukapitisha sheria inayofungua mlango wa kurudisha vitu vilivyopatikana kwa njia mbaya wakati wa ukoloni. Kati ya wanaodai vitu virudi kuna Wakristo wengi, na hapo wanaulizwa swali gumu: vikirudi, vitarudi wapi? Kijijini, kwa pasta anayesubiri na kiberiti?

Wakatolika nao wana hadithi zao za vitu, na mbili ni za Kongo. Isidori Bakanja alipigwa mwaka 1909 na agenti wa Kibelgiji wa kampuni kwa sababu alikataa kuvua skapulari, kipande kidogo cha kitambaa cha Bikira Maria shingoni. Vidonda vilimuua. Mwaka 1964 huko Isiro, Anuarite Nengapeta aliuawa na mkubwa wa waasi Simba. Baadaye, walipofukua maiti, sanamu ndogo ya Maria aliyokuwa nayo mfukoni ilisaidia kumtambua. Wale Simba nao walikuwa na dawa zao za kugeuza risasi maji. Na tangu 1988, misa ya rite zairoise, iliyokubaliwa na Roma, inaanza kwa kuwaita watakatifu pamoja na mababu wenye moyo mwema. Papa Fransisko aliisoma Ndolo, Kinshasa, mwezi wa pili 2023, mbele ya umati mkubwa. Kuna wapasta waliosema ni mizimu. Kuna wazee waliolia kwa furaha.

Kitunga cha Mwenga

Turudi kwa mama yetu. Kwa maelezo yake, tulifikiri mara moja bwami ya Walega. Bwami ni chama cha vyeo: mtu anapanda ngazi kwa ngazi, mke wake pia, mpaka cheo cha kindi juu kabisa, na kila ngazi inalipiwa na kufundishwa. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyeishi na Walega katika miaka ya 1950 na kuandika mengi juu yao, alieleza kwamba zile sanamu ndogo hazikuombwa. Zilitolewa kitungani, zikachezwa, na methali ikasemwa juu ya kila moja. Iko ya mwenye nyuso nyingi, kwa mzee anayeona pande zote. Iko ya mwenye tumbo kubwa, kwa mwanamke aliyeleta aibu wakati wa mimba. Ni shule. Zilipakwa mafuta, zilirithiwa, na mwenye nazo akifa zililazwa kwa muda juu ya kaburi. Hata hivyo tusiwasafishe wazee kupita kiasi: Biebuyck huyohuyo anasema unga wa pembe uliokwanguliwa ulinywewa na wagonjwa. Nguvu ilikuwamo pia. Wakoloni walipiga bwami marufuku, hasa kwa sababu ilikuwa na wakubwa wasiowatii wao.

Juu ya yule bwana mwenye dola, hapo jibu ni fupi. Sheria ya Kongo ya mwaka 1971 juu ya kulinda vitu vya utamaduni hairuhusu vitu vya kale vivuke mpaka bila ruhusa, na biashara ya pembe za tembo imekatazwa. Bei aliyomtajia mama yule tuliisikia tukatazamana. Sanamu ya pembe ya Walega ikifika mnadani Paris ao Bruxelles, bei yake inaweza kujenga shule.

Tulimpa mama namba ya katekista, kwa maana mapadri Wasaveriani wa Bukavu walianzisha makumbusho yanayotunza vitu kama hivyo. Pasta tulimpa namba pia. Haikuwa haki kumnyima. Baada ya majuma matatu mama akapiga tena. Hawakuchoma, hawakuuza, hawakupeleka kwa padri. Shangazi yao mzee, dada wa marehemu, alikuwa amefika kwa matanga kutoka mbali, akaomba kitunga kifunguliwe mbele yake. Aliishika sanamu moja baada ya nyingine na kusema methali yake, kwa Kilega cha ndani ambacho wajukuu hawakielewi. Kwa ile ya tatu alinyamaza, akasema hii sikufundishwa, ilikuwa ya cheo cha juu kuliko changu.

Sasa kitunga kiko chini ya kitanda cha shangazi. Pasta haingii tena katika nyumba ile, na mabinti wawili wamehama kanisa. Mama anatuuliza kama radio iko na mashine ya kunasa sauti ambayo anaweza kuazima, maana shangazi anakohoa sana. Tunayo moja, kifuniko chake cha betri kimefungwa na skochi. Tumemwambia aje Ijumaa.